Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu hapa Rustavi hula sarafu.
Usipoitumbukizia tetri kumi, haipandi.
Ndiyo maana kila koti langu lina chenji mfukoni,
na nikitembea nalia kama njuga.

Ofisi yangu iko ghorofa ya tisa,
chumba alichokuwa akilala mama:
viti viwili, boksi la karatasi laini,
na saa niliyoiweka nyuma ya bega la mgeni
nipate kuiangalia bila kuonekana naiangalia.
Miaka kumi na tisa nasikiliza.
Majina yao nimeyabadili. Langu nimeliacha: Lamara.

Gocha alifanya kazi kwenye tanuru la chuma
mpaka tanuru likazimwa.
"Sipati usingizi," alisema. "Kumenyamaza mno."
Nikamuuliza, tanuru lilikuwa likisemaje?
Akaitazama mikono yake. Akaanzia tumboni, mmmm,
mtu mzima wa miaka sitini na sita
ananguruma kwenye kiti changu,
machozi yanapotelea kwenye masharubu,
na mimi nimeshika kalamu, siandiki.
Jirani wa chini akagonga bomba.
Tukacheka.
Sisemi alipona. Nasema tulicheka.

Binti wa Mzevinar yuko Bari, anamwogesha mama wa watu.
Mama yake mwenyewe hapa hana wa kumkuna mgongo.
Kila jioni hupika maharage ya watu watatu,
akala ya mmoja, ya wawili akayamwaga.
Nikamwambia: jaribu kupika kidogo.
Alirudi wiki ya pili, shavu limebonyea.
"Sufuria ndogo," akasema, "ndiyo iliyonithibitishia."
Tangu siku hiyo naziogopa sentensi zangu
zinazoanza na "jaribu".

Watu huja wakidhani moyo ni bomba lililoziba
na mimi ni fundi.
Mimi nauona kama kamba yetu ya nguo
inayovuka ua, jengo hadi jengo, kwa gurudumu lenye kutu:
ukivuta shuka lako lije,
la jirani nalo linasogea,
na gurudumu linapiga kelele wote mkasikia.

Sasa langu.
Novemba niligombana na kifuniko cha chupa ya achari.
Nilikitukana matusi ya baba yangu, yote,
kisha chupa nikaipiga ukutani.
Siki ikateremka taratibu juu ya cheti changu.
Nikakaa sakafuni, nikaijaribu ile pumzi ninayowafundisha:
vuta hadi nne, shikilia, toa.
Nikafika mbili.

Haikuwa achari. Alikuwa kaka yangu Tamaz,
ambaye sijampigia simu tangu tugawane vyombo vya mama.
Yeye akaondoka na kinu,
mimi nikabaki na kinyongo.

Mganga hajigangi, husemwa.
Sawa. Lakini methali haikusema
mganga asigonge mlango wa mtu.

Kesho yake nilivaa koti lililotoka kufuliwa, mifuko mitupu.
Nikasimama mbele ya lifti kama mtoto aliyefukuzwa shule.
Vazha wa ghorofa ya sita akaja na mpira wake,
akatumbukiza sarafu, akanitazama.
"Unapanda, au unaiangalia tu?"
Baina ya tano na sita ikakwama, kawaida yake.
Hakusema neno. Alinipa mpira nimshikie
apate kuupiga mlango teke.
Mpira hauna uzito. Ulikuwa na matope.
Niliukumbatia hadi blauzi ikachafuka,
na kwa muda ule, gizani,
sikuwa mshauri wa mtu yeyote.

Sasa hubeba sarafu mbili.
Achari nimenunua nyingine, bado haijafunguliwa.
Na namba ya Tamaz nilibonyeza wiki jana,
nikakata kabla haijaita.
Juzi nikaiacha iite mara mbili.
Vuta. Shikilia.
Leo, tatu.